Baridi ya Julai: twende Mombasa, Kisumu, Machakos, au tubaki Nairobi?

*“Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 69, mke wangu ana 66. Tunaishi Uthiru. Baridi ya Juni ikiingia, magoti ya mke wangu hukaza hata asubuhi hawezi kushuka ngazi. Ana presha, anameza losartani na dawa ya kutoa maji mwilini, na magoti yakizidi anaongeza diklofenaki. Mimi nina sukari, najidunga insulini asubuhi na jioni. Watoto wamechanga, wanataka tukae Mombasa kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti. Kakangu yuko Kisumu na anatukaribisha bila malipo. Mke wangu angependa Machakos kwa dada yake kwa sababu ni karibu. Jirani naye anatuambia mtu wa presha asithubutu kwenda Mombasa, kwamba joto litampasua mshipa. Malaria siiogopi, nilizaliwa Siaya na niliugua mara nyingi utotoni. Je, twende wapi?”*

Mwalimu, mnatafuta mahali ambapo magoti ya mama yatapata nafuu bila presha yake na sukari yako kuvurugika, na mna sehemu tatu mkononi pamoja na jirani anayewatisha. Nikuambie msimamo wangu mapema. Pwani inawafaa, lakini kwa wiki sita badala ya miezi mitatu, na baada ya daktari wenu kuzipitia dawa zenu zote. Machakos haitabadilisha lolote. Kisumu naiweka mwisho kwa ajili yenu, na sababu ni malaria hiyo hiyo usiyoiogopa.

Niishike hiyo kwanza, maana ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Mtoto anayekulia Siaya na kuumwa na mbu wenye vimelea mwaka baada ya mwaka hujenga kinga ya kiasi. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa. Kazi yake ni kuuzuia ugonjwa usimlemee, na hudumu tu pale mwili unapoendelea kukutana na vimelea mara kwa mara. Ukihamia Nairobi, ambako maambukizi ni machache sana, kinga hupungua polepole. Mtu aliyefanya kazi na kustaafu huku, akawa anaenda nyumbani Krismasi na kwenye matanga, hawezi kuitegemea tena. Mama, kama alikulia Machakos, huenda hakuwahi kuwa nayo ya kutosha. Kwa hiyo nyote wawili mjihesabu kama wageni mbele ya malaria. Kwa mtu wa umri wenu mwenye sukari au presha, malaria inaweza kuwa kali kwa siku chache, ikafika kwenye figo na ubongo.

Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini. Pwani nayo inayo, lakini kwa kiwango cha chini, na ndani ya mji wa Mombasa hatari ni ndogo kuliko vijijini Kilifi na Kwale. Hali yake ya hewa haina ubaya: Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, na Julai mchana hufika kama nyuzi 28. Ila kwa kukaa wiki nyingi, nisingewachagulia. Mkitaka kumwona kakako, nendeni siku chache mkiwa na kinga ya dawa na chandarua, na msiingize miguu ziwani, kwa sababu kichocho kipo.

Sasa Machakos. Wengi hudhani baridi ya Nairobi inatokana na mwinuko peke yake. Mwinuko unachangia, maana jiji liko karibu mita 1,700 na Uthiru iko juu zaidi ya katikati ya jiji, lakini mwinuko ni ule ule Januari na Julai. Kinachobadilika ni wingu. Kuanzia Juni upepo wa kusi huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo hupanda miinuko ya mashariki na kati ya Kenya, na inapopanda hupoa na kutanda wingu jembamba la chini ambalo wakati mwingine halifunguki kutwa nzima. Jua halifiki chini, kuta za nyumba hazipati joto, na usiku mnalala ndani ya mawe yaliyopoa. Ndiyo sababu Julai ya Nairobi mchana huishia nyuzi 21 au 22 na alfajiri hushuka hadi 11 au 12. Machakos iko kama mita 1,600 na imeuelekea upepo huo huo. Mtakutana na wingu lile lile mliloliacha Uthiru. Dada yake mama mtembeleeni Septemba, wingu likishafunguka.

Kuna wanaofikiria Naivasha au Nakuru, kwa kuwa huko mchana kuna jua zaidi. Ni kweli, lakini usiku ni baridi kali, na magoti yanayokaza asubuhi hayatanufaika. Voi ni wazo zuri ambalo wengi hawalifikirii: iko kama mita 600, ni kavu, ina joto la wastani, treni husimama hapo na kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Kasoro yake ni kwamba nyumba za kupanga kwa mwezi zikiwa na samani ni chache, na mahali pa mzee kutembea penye kivuli na njia tambarare si pengi.

Pwani wakati huo ni kipupwe. Mchana nyuzi 27 au 28, usiku 20 hadi 22. Si ile Mombasa ya Februari na Machi inayomnyima mtu usingizi. Watoto wamechagua majira mazuri, ila tarehe zao ningezikata. Mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa ni Mei, na mabaki yake huingia Juni. Nyumba huwa na unyevu na ukungu kwenye kuta, na njia huteleza. Agosti nayo shule zikifungwa, kodi za nyumba za wageni hupanda na ufuo hujaa watu. Kuanzia wiki ya mwisho ya Juni hadi mapema Agosti mtakuwa mmeikwepa baridi ya Nairobi ilipo kali zaidi. Bahari wakati huo huchafuka na mwani hutupwa ufuoni kwa sababu ya kusi, lakini hamwendi kuogelea.

Jirani yenu amesikia jambo lenye ukweli kidogo na kuligeuza. Joto halipandishi presha ya mtu aliyetulia. Baridi ndiyo huipandisha: mishipa midogo ya ngozi hubana ili mwili usipoteze joto, moyo unasukuma damu kwenye njia nyembamba, na presha hupanda pointi kama 5, kwa wazee wengine zaidi. Ukifika mahali pa joto, mishipa hutanuka na presha hushuka. Kwa hiyo hatari ya mama akiwa Mombasa ni presha *kushuka* kupita kiasi, kwa sababu kipimo cha dawa kilichopangwa Nairobi kinakutana na mwili uliolegea kwa joto na unaotoka jasho. Hapo ndipo mzee anapoamka usiku kwenda msalani, anasimama ghafla, kizunguzungu kinampiga na anavunjika nyonga.

Katika barua yako yote, pamoja na malaria, lililonishtua ni hizo dawa tatu za mama zikiwa pamoja. Figo huchuja damu kwa mgandamizo. Dawa ya kutoa maji hupunguza kiasi cha damu kinachofika kwenye chujio. Diklofenaki hubana mshipa mdogo unaoingiza damu humo. Losartani hulegeza mshipa unaoitoa. Kila moja peke yake inavumilika, lakini zikikutana zote, mgandamizo ndani ya chujio unaanguka na figo zinaweza kuacha kufanya kazi ghafla. Ongeza jasho la Mombasa, au siku mbili za kuhara, na hatari hiyo inakua. Asiende pwani na mchanganyiko huo. Kwa kweli hata Uthiru haufai. Amuone daktari kuhusu kuacha vidonge vya diklofenaki. Badala yake anaweza kutumia parasetamoli, gramu 1 kwa wakati na isizidi gramu 3 kwa siku, pamoja na jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye goti, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Sindano za maumivu zinazouzwa kwenye duka la dawa bila kuulizwa maswali mara nyingi ni diklofenaki ile ile. Akatae.

Wiki mbili kabla ya safari apimwe damu: kriatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, pamoja na potasiamu na sodiamu. Dawa ya kutoa maji pamoja na jasho hushusha sodiamu, na mzee mwenye sodiamu ya chini huonekana kama amechanganyikiwa au amechoka tu, watu wakasema ni uzee. Nunueni kipimo cha presha cha mkononi, kile cha kufunga juu ya kiwiko na si cha kifundo. Apime akiwa ameketi asubuhi na jioni, kisha apime tena baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, au ikiwa chini ya 110 na anahisi kizunguzungu, mpigie daktari wake simu siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kupunguza au kusimamisha dawa ya kutoa maji kwa muda. Msiipunguze wenyewe, na msiache dawa yoyote ya presha ghafla, kwa sababu baadhi yake zikikatwa presha huruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Maji ya kunywa yawe kama lita 2 kwa siku, kwa sharti kwamba hana moyo uliochoka wala figo mbovu. Asisubiri kiu, wazee huhisi kiu kwa kuchelewa. Na hapa kuna jambo la pwani ambalo watu wa bara hawalijui: nyumba nyingi hutumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi. Yanafaa kuoga na kufua. Kuyanywa au kuyapikia chai na ugali ni kumlisha mtu wa presha chumvi kutwa mara tatu. Nunueni maji matamu ya kunywa na kupikia, na muulize bei yake kabla ya kulipia nyumba.

Kuhusu magoti, niseme wazi kile joto linachoweza na lisichoweza. Baridi haikuyaletea magoti ugonjwa, na Mombasa haitaurudisha ugegedu uliochakaa. Kinachotokea ni kwamba kwenye baridi misuli inayolizunguka goti hukaza, ute ndani ya kiungo unakuwa mzito, na mtu mwenye maumivu huacha kutembea. Asipotembea, misuli ya paja hunyong'onyea, goti linakosa mhimili, na maumivu yanazidi. Joto linaukata mzunguko huo kwa muda, na faida anaipata yule anayeutumia muda huo kutembea. Mama akienda Nyali, mtaa wa Mombasa, akakaa kwenye kochi wiki sita akitazama runinga, atarudi na magoti yale yale, na uzito zaidi. Apange kutembea dakika 20 saa 12 na nusu asubuhi na 20 nyingine jioni, kwenye njia ngumu iliyo tambarare. Mchanga mkavu wa ufuoni unazama na kuligeuza goti, auache. Pia, akiwa ameketi kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, aushikilie kwa kuhesabu hadi 5, aushushe. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Hilo moja, likifanywa kila siku, lina maana kuliko tikiti ya treni.

Turudi kwako wewe na insulini. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kwa nyuzi 2 hadi 8, kwenye rafu ya katikati, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana sawa. Unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji kama wiki 4 mradi joto lisipite nyuzi 30. Nairobi ulikuwa unaiweka mezani bila wasiwasi. Mombasa chumba kilichofungwa chini ya paa la mabati kinapita kiwango hicho mchana, kwa hiyo iweke kwenye friji na uitoe nusu saa kabla ya kujidunga. Ile mbinu ya mtungi wenye mchanga mbichi inafanya kazi vizuri mahali pakavu kwa kuwa hutegemea maji kuyeyuka hewani. Kwenye unyevu wa pwani maji hayayeyuki upesi, na mtungi haupozi inavyotakiwa. Stima ikipotea, tumia chupa ya thamosi yenye barafu, insulini ikiwa imefungwa kitambaa isiguse barafu. Safarini ikae kwenye mkoba unaobeba mwenyewe, isiwe kwenye buti la gari.

Joto pia huifanya insulini iingie kwenye damu haraka zaidi, kwa sababu damu nyingi hupita kwenye ngozi. Changanya hilo na matembezi mapya ya asubuhi, na sukari inaweza kushuka ghafla. Siku kumi za kwanza pima mara nne: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, kisha upime tena baada ya dakika 15. Usiende kutembea bila sukari au glukosi mfukoni. Vibanzi vya kupimia huharibika kwa unyevu na kukupa namba za uongo, kwa hiyo kifuniko cha kikopo kifungwe mara unapotoa kimoja. Miguu nayo: usikanyage mchanga peku hata mara moja. Mguu uliopoteza hisia kwa sukari huungua bila mwenye mguu kujua. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole, au mama akutazamie.

Kinga ya malaria mwulizeni daktari mkiwa bado Nairobi. Kwa wiki sita, dawa inayotumika sana ni doksisaiklini miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi wiki 4 kamili *baada* ya kurudi. Hizo wiki nne za mwisho ndizo watu huziruka, na ndipo wanapougua wakiwa Nairobi. Imezwe baada ya chakula kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo huchoma koo la chakula. Isichanganywe na maziwa au dawa za kiungulia. Huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, kwa hiyo kofia pana na mikono mirefu. Ikiwa mmoja wenu anameza warfarini, daktari lazima ajue, maana doksisaiklini huongeza nguvu yake na kusababisha kuvuja damu. Ipo pia meflokwini ya kila wiki, lakini haiwafai wenye kifafa, waliowahi kuugua akili, wala wenye hitilafu za mapigo ya moyo.

Dawa haiondoi chandarua. Bebeni chenu chenye dawa. Vya nyumba za kupanga mara nyingi vina matundu. Kichomekwe chini ya godoro kabla ya jua kuzama. Mombasa ina pia mbu wa mchana anayezaliana kwenye madumu na mapipa ya maji yasiyofunikwa, na huyo huleta dengi na chikungunya. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 mji ulipata mlipuko mkubwa wa chikungunya, ambao huacha maumivu makali ya viungo kwa wiki au miezi. Kwa mwenye magoti ya mama hilo si jambo dogo. Funikeni kila chombo cha maji. Mtu akipata homa, asimeze aspirini wala diklofenaki kabla ya vipimo, maana dengi hupunguza chembe za kugandisha damu. Parasetamoli inatosha hadi mfike hospitali.

Kuchagua nyumba kuna uzito kuliko kuchagua mji. Ghorofa ya chini, au lifti inayofanya kazi hata stima ikipotea. Friji ipo na inapoza. Wavu wa madirisha mzima. Choo cha kukaa, na bafu lisilo na kizingiti. Vigae vya pwani vikilowa huteleza vibaya, kwa hiyo nunueni mkeka wa mpira. Kuta zikaguliwe kama zina ukungu, hasa ikiwa kuna mwenye pumu. Umbali wa hospitali upimeni kwa dakika za usiku, kwa kumwuliza dereva wa teksi. Nyali na Bamburi ziko karibu na hospitali kubwa za kisiwani, ikiwemo ile ya rufaa ya Coast General, na hazihitaji kivuko. Diani ni pazuri na ina huduma zake, lakini kuwafikia mabingwa wa kisiwani kunahitaji kivuko cha Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kwa mtu anayejidunga insulini na mwenziwe mwenye presha, ningekaa upande wa kaskazini. Ulizeni kodi ya mwezi, kwa sababu ya kila siku ikijumlishwa huzidi sana, na mjue mapema tokeni za stima analipa nani.

Kabla watoto hawajalipa wiki sita, waombe walipie siku saba kwanza. Katika siku hizo mtajua kama mama analala usingizi, kama presha yake inashuka, na kama mnavumilia kuwa mbali na kanisa, majirani na wajukuu. Upweke huwarudisha wazee wengi nyumbani mapema kuliko joto. Safari yenyewe treni ni bora kuliko basi: kama saa tano au sita, choo kipo, na mnaweza kusimama na kutembea kila saa ili damu isigande miguuni. Bebeni dawa za wiki nane, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye majina na vipimo vya dawa. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni michango haina deni na hospitali mnayoilenga inapokea, kwa kuwapigia wao wenyewe.

Vipi kubaki Uthiru? Usilidharau. Kwa mtu aliyepata kiharusi hivi karibuni, anayesafishwa figo, aliyebadilishiwa dawa mwezi huo, au aliyeanza kusahau, ningemwambia abaki, maana mwenye kusahau huchanganyikiwa sana mahali pageni. Chagueni chumba kimoja, kile kinachopata jua la mchana, muweke pazia zito na zulia, na mkipashe moto hicho tu. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani pasishuke chini ya nyuzi 18. Kipimajoto cha ukutani kitawaonyesha mko wapi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo hula uniti 2 kwa saa. Saa 4 kwa siku kwa siku 90 ni uniti 720. Zidisheni kwa bei ya tokeni yenu, kisha mlinganishe na kodi ya Nyali. Wengi wakipiga hesabu hiyo hushangaa jinsi hita ilivyo nafuu.

Jambo moja silipunguzii makali: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala, hata likiwa limeacha kutoa moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu husinzia na haamki. Kila msimu wa baridi familia hupotea kwa njia hiyo.

Chanjo ya homa ya mafua mpate Aprili au Mei, kwa kuwa huchukua wiki mbili kujenga kinga, na muulize pia ile ya nimonia. Baridi yenyewe haileti nimonia. Vijidudu ndivyo huileta, na baridi hutufungia pamoja navyo kwenye vyumba visivyo na hewa.

Mwezi wa Mei, basi, nendeni kliniki pamoja, mkiwa na vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya dukani na vya kienyeji. Mkiwa pwani, msisubiri asubuhi ikiwa kuna maumivu ya kifua, uso au mkono kulegea upande mmoja, maneno kukorogeka, mkojo kupungua sana kwa siku nzima, sukari isiyopanda juu ya 4 baada ya kunywa sukari mara mbili, au kuchanganyikiwa ghafla. Homa yoyote ni ya kupimwa damu siku hiyo hiyo, hata kama mnameza kinga. Na mkisharudi Uthiru, kwa miezi mitatu inayofuata, mmoja wenu akipata homa, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe kwamba mmetoka pwani na tarehe mliyorudi, kwa sababu Nairobi homa ya Agosti hudhaniwa kuwa mafua na malaria haitafutwi mpaka mtu aitaje.